Ndege Niliyekataa Kumwandika

Kabla ya kusimulia lolote, naweka wazi ni nani wanaowajibika. Sehemu ya magharibi ya msitu wa hifadhi ulio kando ya barabara ya Kasenga iliondolewa katika ulinzi wa serikali kwa ripoti ya kamati ya mipaka, kamati ya watu watano, na ripoti hiyo ikathibitishwa na mkuu wa ofisi aliyeiunda kamati. Hao ni sita. Wa saba ni mimi, kwa sababu daftari walilolifungua mezani ili kuhalalisha uamuzi wao liliandikwa kwa mkono wangu, tangu ukurasa wa kwanza hadi siku nilipostaafu. Sitaji majina. Yao yamo katika karatasi zao, langu limo katika daftari, na anayetaka kuyasoma anajua mlango wa kubisha.

Nimeandika ripoti maisha yangu yote, na najua ni mambo gani ambayo ripoti haiwezi kuyabeba. Haibebi baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita, pale pumzi ya mtu inapoonekana mbele ya pua yake na watu wa Lubumbashi wanapotoka nyumbani wamevaa makoti kama wasafiri wa Ulaya. Haibebi mlio wa majani makavu ya miombo chini ya viatu, wala ukimya unaomfunika mtu anapotoka kwenye miombo na kuingia katika muhulu. Kwa asiyeujua muhulu, nieleze. Miombo ndiyo msitu wetu wa kila siku, ulio wazi, unaopukutisha majani wakati wa kiangazi na kuacha jua lifike chini. Muhulu haupukutishi. Ni msitu wa kivuli, miti yake imeshikana juu, na hata mwezi wa kumi, joto linapowachosha watu mjini kabla ya mvua, ndani yake kuna ubaridi kama wa chumba kilichofungwa mapazia. Waliotutangulia walisema muhulu ulikuwa mkubwa siku zao. Siku zangu vilibaki vipande, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa upande wa magharibi wa hifadhi yetu.

Nilifika pale kwa uhamisho, si kwa mapenzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika ofisi ya état-civil, panapoandikishwa vizazi, ndoa na vifo. Pale nilifundishwa kwamba mtoto haingii katika kitabu mpaka wawepo mashahidi wawili, na kwamba mashahidi hao wakisema mambo mawili tofauti, kalamu inawekwa chini. Niliipenda kanuni hiyo. Ilinifanya nilale vizuri. Niliwahi kumrudisha baba mmoja chini ya mvua kubwa kwa sababu alikuja na shahidi mmoja tu, naye alirudi saa moja baadaye na jirani yake, wote wawili wamelowa, wakiwa wamekasirika, na mtoto wao akaandikwa ipasavyo. Nilidhani wakati huo, na bado nadhani, kwamba nilimtendea mtoto yule haki.

Nilipohamishiwa huduma ya misitu nilikuta fujo. Kila Jumamosi asubuhi watu walipelekwa msituni kutazama ndege, na mwisho wa matembezi waliandika walichokiona kwenye karatasi zilizofungwa kwa kamba. Mgeni mmoja alikuwa ameandika kwamba ameona mbuni. Mbuni, katika msitu ambamo hata mbuzi angepita kwa shida. Wiki iliyofuata niliomba daftari jipya lenye jalada gumu, nikalipiga mistari mwenyewe kwa rula: siku, saa, mahali, ndege, sura yake, shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Kanuni niliyoiweka ilikuwa ile ile ya état-civil. Ndege aonwe na watu wawili, kwa macho, siku hiyo hiyo, na wakubaliane. Aliyesikika tu haandikwi. Ofisi iliikubali kanuni yangu bila kuuliza swali hata moja, na naitaja hapa ili ijulikane kwamba kanuni ilikuwa yangu lakini muhuri ulikuwa wao.

Kiongozi wa matembezi alikuwa mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na msitu, mtu aliyenizidi umri kwa miaka michache, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na yeye aliniita Chef, mkuu, wakati mwingine kwa heshima na wakati mwingine kwa kunichokoza. Utotoni mwake alitega ndege kwa ulimbo, na ndiyo maana alizijua sauti zao zote. Mtu anayetega hawezi kusubiri mpaka aone. Alikuwa na desturi moja ambayo kila mgeni aliifundishwa langoni. Akivaa kofia yake, watu waongee wapendavyo. Akiivua, hata anayekohoa ameze kikohozi. Nimeona mabwana wakubwa wa Golf, mtaa wa matajiri, waliokuja na darubini za bei kubwa na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga udongo, wakinyamaza kama wanafunzi wa darasa la kwanza kwa sababu mzee mwembamba ameshika kofia mkononi.

Nayakumbuka matembezi hayo kwa mpangilio wake. Tulikutana langoni saa kumi na mbili. Nilisoma majina, kila mtu aliitika, nikaandika katika kitabu cha lango. Tulipita kwanza kwenye miombo, kando ya vichuguu virefu kuliko nyumba, ambako hondohondo walituzomea na chozi walizunguka maua bila kutujali. Ndege ya abiria ikiinuka kutoka uwanja wa Luano, kiongozi alivaa kofia na kusema tuiache ikamate njia yake, maana hakuna sikio linaloshindana na ile. Kisha njia ilishuka, hewa ikabadilika, na tukaingia muhulu. Pale aliivua kofia na kwa muda mrefu hakuivaa tena.

Mke wangu alikuja nasi mara nyingi. Yeye ni wa familia ya Maniema, Waislamu, mafundi cherehani kwa baba na babu, na mtu anayeshona tangu utoto ana jicho ambalo mimi sikujaliwa. Alibeba chai ya tangawizi katika thermos na mikate ya kukaanga iliyofungwa kwa kitambaa, na ninaamini baadhi ya wageni walirudi kwa ajili ya mikate hiyo kuliko kwa ajili ya nduwa. Nduwa ndiye aliyekuwa fahari ya matembezi yetu, yule ndege wa kijani anayeficha wekundu wake mpaka aruke, na hapo mabawa yanafunguka na watu wote wanavuta pumzi pamoja. Nduwa tulimwandika karibu kila wiki. Hakuwa na aibu ya mashahidi.

Lakini kulikuwa na mwingine. Njia ilipofika kwenye kona, juu kidogo ya chemchemi, kiongozi alisimama kila Jumamosi na kuinua kidole. Kutoka ndani kabisa ya majani ilitoka sauti nzito, ya chini, ya mara mbili mbili, kama mtu anayepuliza polepole kwenye mdomo wa chupa. Kiongozi alimwita yule wa mgongo wa majani. Alinieleza kwamba ndege huyo ana tumbo jekundu na mgongo wa kijani, na kwamba amepewa akili moja tu lakini inamtosha: akimsikia mtu, anamgeuzia mgongo na kutulia, na mgongo huo ni jani kati ya majani. Alinieleza pia jambo la pili, ambalo nililisikia na sikulitilia uzito. Ndege huyo, katika nchi yetu hii, hakai kwenye miombo. Muhulu ukiisha, naye ameisha.

Mara ya kwanza aliniambia nimwandike, nilimuuliza kama amemwona.

"Nilimusikia, Chef. Na weye ulimusikia. Tuko babili."

Nilimjibu kwamba kusikia si kuona.

"Mama yangu alikufa kipofu," akasema. "Myaka ya mwisho alikuwa ananijua ku sauti tu. Sasa miye sikukuwa mutoto yake?"

"Yaya, mama yako hakukuwa anaandika daftari."

Wageni walicheka, naye akacheka, na tukaendelea. Wiki iliyofuata aliniomba tena. Likawa jambo la kawaida kati yetu, kama salamu: tunafika kwenye kona, sauti inatoka, yeye anasema andika, mimi nauliza umemwona, yeye anatikisa kichwa, tunakwenda. Mke wangu aliniambia mbele ya watu kwamba bado kidogo nitamdai ndege yule carte d'électeur, kadi ya kupigia kura. Sikukasirika. Niliona kwamba dunia inahitaji angalau mtu mmoja asiyeandika asichokiona, na nilikuwa tayari kuwa mtu huyo.

Sasa nafika kwenye asubuhi ambayo naitaka iandikwe sawasawa, kwa kuwa siku ile sikuiandika.

Ilikuwa baada ya mvua za kwanza, njia ikiwa bado na utelezi. Wageni walikuwa wachache na walibaki nyuma kwenye chemchemi wakijipiga picha. Kabla ya kona tulikuwa tumewaona nduwa wawili, mume na mke kwa dhana yangu, na mimi nilikuwa nimeinamia daftari nikijaza mstari wao. Mke wangu alikuwa ametangulia hatua chache, akazunguka kichuguu kutafuta mahali pakavu pa kuweka thermos. Kiongozi alikuwa kushoto kwangu. Nilihisi mkono wake begani. Nilisema subiri, kwa sababu nilikuwa katikati ya neno. Nilipolimaliza neno na kuinua kichwa, tawi lilikuwa linatikisika na halikuwa na kitu.

Kiongozi alivaa kofia.

"Nilimuona," akasema.

Upande wa pili wa kichuguu mke wangu naye akasema, bila kuulizwa, kwamba amemwona.

Mashahidi wawili. Nakiri moyo wangu uliruka. Lakini mazoea ni mazoea, na mimi nilifanya kama nilivyofanya ofisini kwa miaka mingi: nilimchukua kila mmoja pembeni, mwingine asisikie. Nilianza na kiongozi. Nilimuuliza ameona nini. Akasema mgongo wa kijani unaong'aa, na mkia mrefu. Nikamuuliza kuhusu tumbo. Akasema tumbo ni jekundu.

"Umeliona leo?"

Hakuwa mtu wa kusema uongo, na alijua nilikuwa namuuliza nini. "Leo niliona mugongo tu," akasema. "Tumbo ninalijua tangu nilikuwa mudogo."

Nikamwendea mke wangu. Alisema ameona kifua na tumbo, jekundu kama nyanya iliyoiva, na kwamba kichwa na mgongo vilikuwa vimefichwa na majani. Nilimuuliza kama ameona rangi ya kijani yoyote. Akasema kijani kilikuwa kila mahali, ni msituni.

Nilirudi katikati ya njia, nikawaita wote wawili, na nikatoa uamuzi. Shahidi wa kwanza ameona ndege wa kijani. Shahidi wa pili ameona ndege mwekundu. Ushahidi haukubaliani, na mstari hauandikwi.

Kiongozi alinitazama. Hakuna siku aliyonitazama vile kabla wala baada.

"Chef," akasema, "ndeke iko moja. Iko na mbele, iko na nyuma. Mama alikuwa kule, miye nilikuwa huku."

Nilimjibu kwamba safu ya sura katika daftari ni moja tu, na kwamba shahidi anaeleza alichokiona, si anachokijua. Nilisema kwa sauti ya upole. Nilidhani upole unatosha. Alivua kofia yake, si kwa kusikiliza, bali kwa kujipangusa jasho, akatangulia mpaka langoni.

Tulipofika nyumbani, mke wangu, akikunja kile kitambaa cha mikate, aliniambia: "Siku ulikuja kuniomba kwa baba yangu, ulisimama mbele yake tu. Mugongo yako hakuiona. Lakini alikubali."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba baba yake hakuwa mtumishi wa serikali. Maneno haya nimeyakumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda, na kila mara kicheko changu ndicho kinachoniumiza, zaidi ya uamuzi wenyewe.

Tangu hapo kiongozi hakuniomba tena. Kila Jumamosi alisimama kwenye kona, sauti ikatoka, akainua kidole kwa ajili ya wageni, kisha akatembea. Mimi nilisimama na kalamu wazi, nikisubiri aseme andika, ili nimjibu. Hakusema. Niliendelea vile mpaka nilipostaafu, na nilipokabidhi daftari kwa mrithi wangu nilimwonyesha kwa fahari kwamba halina mahali palipofutwa, wala neno lililoongezwa pembeni, wala ndege mmoja ambaye nisingeweza kumtetea mbele ya hakimu.

Kustaafu kulinikalisha barazani na magazeti, na kila Jumamosi alfajiri miguu yangu iliamka kabla yangu. Magoti ya mke wangu yalikuwa yamekataa mteremko wa muhulu, kwa hiyo nilikwenda peke yangu mara moja moja, kama mgeni, nikiandikisha jina langu langoni kama mgeni. Ndipo barua ikaja. Ofisi ilikuwa inapitia upya mipaka ya hifadhi. Watu walihitaji ardhi, jiji lilikuwa linasogea, na kamati ilikuwa imepewa swali moja kuhusu upande wa magharibi: je, kuna kiumbe pale ambacho hakiishi kwenye miombo ya kawaida? Kikiwepo, kipande kinabaki chini ya ulinzi. Kisipokuwepo, kinaachiliwa. Mimi niliitwa kuthibitisha daftari.

Nilivaa suti yangu ya sherehe. Nilikaribishwa kwa heshima, nikapewa kiti karibu na meza, na mwenyekiti wa kamati, kijana kwa umri wangu ingawa ana mvi, aliniita Papa. Kiongozi alikuwepo pia, amesimama nyuma karibu na mlango, maana hakuna aliyefikiria kumpa kiti. Walilifungua daftari, wakapitia kurasa za upande wa magharibi. Hondohondo. Chozi. Nduwa, ambaye hata kwenye bustani za Golf anafika. Mwenyekiti aliniuliza kama daftari ni kamili. Nikasema ni kamili. Akaniuliza kama kila kilichoonwa kimeandikwa. Nikasema kila kilichoonwa kwa mujibu wa kanuni kimeandikwa.

Kiongozi akaomba kusema. Alieleza habari za yule wa mgongo wa majani, kwa ufupi na kwa adabu, akataja kona, chemchemi na sauti. Alisema anamsikia kila wiki, na kwamba ndege yule hana pa kwenda. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha hakumuuliza yeye. Aligeuka kwangu.

"Papa, hiyo ndeke iko mu daftari?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema kwamba asubuhi moja ndege yule alionwa na watu wawili kutoka pande mbili, na kwamba mimi, kwa upumbavu wa mtu anayependa mistari iliyonyooka, nilimkata vipande viwili nikamtupa. Nililijua hilo tayari. Nilikuwa nimelijua kwa miaka. Lakini nilikuwa nimevaa suti, daftari lilikuwa mezani, na niliulizwa swali la ndiyo au hapana kuhusu daftari.

"Haimo," nikasema.

Mwenyekiti alifunga daftari na kulipapasa jalada. Aliwaambia wenzake kwamba laiti rekodi zote za mkoa zingekuwa propre, safi, namna ile. Nilishukuru. Nilipogeuka kumtafuta kiongozi, mlango ulikuwa wazi na yeye hayupo.

Hayo ni yangu. Sasa ya wengine, kwa kuwa kukiri kwangu hakufuti deni la mtu mwingine. Utaratibu wa kamati, ambao niliusoma neno kwa neno, uliwataka wajumbe waingie katika eneo husika kwa miguu, wakiongozwa na kiongozi wa msitu, kabla ya kuamua. Ripoti yao inasema eneo lilitembelewa. Nilikwenda langoni nikaomba kitabu cha lango. Siku wanayoitaja haina jina hata moja la mjumbe, wala siku zilizotangulia, wala zilizofuata.

Nilikuwa tayari kuandika malalamiko yangu pale pale, kisha nikasita. Nilikuwa nafanya tena lile lile: kitabu kimenyamaza, basi jambo halikuwepo. Sikutaka kuwahukumu kwa kosa langu mwenyewe. Kwa hiyo safari hii niliuliza watu. Nilimuuliza mlinzi wa lango, nikawauliza akina mama wanaouza kinywaji cha munkoyo mbele yake, ambao hakuna gari linalowapita bila kuonekana. Hakuna aliyewaona wakishuka. Mwisho nilikutana na mjumbe mmoja mlangoni mwa kanisa, nikamuuliza ana kwa ana. Hakukasirika, wala hakuona aibu. Aliniambia walipita kwa gari kwenye barabara ya Kasenga, wakapunguza mwendo, na msitu ukaonekana vizuri.

"Papa, misitu yote iko vile vile," akasema. "Na daftari yako ilikuwa sawa. Tungeingia kufanya nini?"

Uamuzi ulitoka. Wachoma makala, yaani makaa, waliingia wiki hiyo hiyo, na siwalaumu. Jiji linapika bukari, ugali wetu, kila siku na mimi mwenyewe naila ikiwa imepikwa kwa makala.

Nilikwenda kumtafuta kiongozi nyumbani kwake. Nilitarajia kufukuzwa. Alinipa kiti, akaniletea maji, akaniuliza hali ya mke wangu na magoti yake. Kisha tukatembea pamoja, watu wawili, bila wageni. Miombo ilikuwa vile vile. Njia ikashuka, na pale ambapo hewa ilipaswa kubadilika, haikubadilika. Jua lilikuwa chini, kwenye visiki. Matanuru ya udongo yalikuwa yanafuka moshi mwembamba, na magunia yaliyofungwa kwa majani yalipangwa kando kusubiri lori. Chemchemi ilikuwepo bado, yenye maji ya rangi ya chai. Tulisimama pale nilipodhani ni kona, ingawa bila miti ni vigumu kujua kona iko wapi.

Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha ofisi, na nilisema kwamba alikuwa sahihi kuhusu mbele na nyuma. Alisema kwamba amewasikia wawili upande wa mashariki, ambako hawakuwepo zamani, kwenye ukanda mwembamba wa muhulu uliobaki. Alisema pia kwamba huko nako watu wa vipimo wamekwisha kupita na rangi nyekundu, wakipaka miti.

"Kamati itauliza tena," akasema. "Hiyo siku, daftari itasema nini?"

Ni kwa ajili ya swali hilo ninaandika kurasa hizi, na hapa nazigeuza kuwa dai rasmi.

Natangaza, nikiwa na akili timamu, kwamba ndege mwenye mgongo wa kijani na tumbo jekundu alionwa katika upande wa magharibi wa hifadhi na mashahidi wawili, kiongozi wa matembezi na mke wangu, na kwamba kuachwa kwake nje ya daftari ni kosa la mwandishi, si la mashahidi. Wote wawili wako hai, na wametia sahihi chini ya maelezo yao, mmoja kuhusu mgongo na mwingine kuhusu tumbo. Naiomba ofisi iyapokee maelezo hayo na kuyabandika katika daftari lile lile, hata kama yatauharibu usafi wake. Naomba pia kanuni yangu ya macho pekee ifutwe, na sauti ipewe safu yake, kabla kamati haijakaa kuhusu upande wa mashariki.

Namtaka mkuu wa ofisi aliyethibitisha ripoti aeleze kwa maandishi alithibitisha nini, iwapo hakuona jina la mjumbe yeyote katika kitabu cha lango. Nawataka wajumbe watano, kila mmoja kwa jina lake na si kwa jina la kamati, waseme hadharani ni siku gani walitembea katika muhulu, waliingilia wapi, na nani aliwaongoza. Wasiokuwa na jibu waondolewe katika kamati itakayoamua kilichobaki. Mimi niitwe wa kwanza kuhojiwa, nisimame pale aliposimama kiongozi, karibu na mlango, na yeye apewe kiti. Nasubiri wito huo kwa maandishi, wenye tarehe na sahihi, na usipokuja nitalipeleka dai hili mwenyewe ofisini kila Jumatatu asubuhi mpaka mtu alipokee.